Tai au Mti? Kusoma Majina ya Watu katika Hati za Kinahuatl za Karne ya 16



Katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris imehifadhiwa hati ya mwaka 1560 inayoitwa Matrícula de Huexotzinco. Ina karatasi zaidi ya 400, na kurasa zake nyingi zimejaa vichwa vya watu. Kichwa cha mwanamume kimechorwa kwa upande. Chini yake kingine, kisha kingine, safu kwa safu mpaka ukurasa unakwisha. Vichwa vyote vinafanana, maana mchoraji hakukusudia kuonyesha sura ya mtu yeyote. Kinachomtenga mtu na jirani yake ni alama ndogo iliyowekwa kando ya kichwa: sungura, ndege, ua, chungu, ngao na rungu. Karibu yake, kwa herufi za Kilatini, limeandikwa jina lenye pande mbili, moja la ubatizo na jingine la asili, mathalani Juan Yaotl. Ile ngao na rungu ndiyo Yaotl, yaani adui wa vitani. Juan hakuchorwa.

Hati hiyo ni zao la kodi. Huexotzinco ni mji wa Wanahua, yaani wasemaji wa Kinahuatl, katika bonde la Puebla, mashariki ya jiji la Meksiko. Haukuwa mji wa dola ya Tenochtitlan, makao makuu ya Waazteki. Ulikuwa hasimu wake, na watu wake walisimama upande wa Mhispania Hernán Cortés katika vita vya kuiangusha dola hiyo. Hawakupata nafuu waliyoitarajia. Mwaka huohuo wa 1560 baraza la mji lilimwandikia Mfalme Felipe II barua kwa Kinahuatl, likilalamika kwamba kodi waliyotwishwa imepita uwezo wao na kumkumbusha jinsi walivyompokea Cortés kwa hiari. Penye ugomvi wa kodi pana hesabu ya vichwa. Ndiyo maana wakulima, waashi, wavuvi na wazee ambao hakuna mwanahistoria wa zama zile aliyejisumbua kuwataja wameachiwa mahali pao kwenye karatasi, kila mmoja na jina lake.

Mada yangu ni namna ya kuyasoma majina hayo. Nasema kuyasoma, na nalishikilia neno hilo. Kwa miaka mingi watu wameziangalia alama hizi kama michoro ya kukisiwa: ukiona tai, mtu huyu anaitwa Tai, basi alikuwa shujaa, ukiona uso unaotiririka maji, huyu alikuwa mwenye huzuni. Nashikilia kwamba njia hiyo inapotosha, tena inawakosea wenye majina. Alama ya jina ni maandishi. Nyuma yake ipo lugha moja mahususi, na asiyepitia kwenye lugha hiyo hawezi kuifikia maana hata awe na jicho kali namna gani.

Kwanza, jina lenyewe lilipatikanaje? Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha picha kilichochorwa jijini Meksiko yapata mwaka 1541 na ambacho sasa kimo katika Maktaba ya Bodley mjini Oxford, inayo picha ya tendo hilo. Siku ya nne baada ya kuzaliwa mtoto, mkunga anamchukua mpaka uani, ambako mkeka umetandikwa na chombo cha maji kimewekwa juu yake. Anamwogesha. Wavulana watatu wameketi karibu wakila mahindi yaliyokaangwa na maharage, na mkunga anawaamuru walitangaze jina la mtoto kwa sauti kubwa. Jina liliweza kutoka kwenye kalenda ya siku 260, inayounganisha namba 1 hadi 13 na alama 20 za siku, kwa hiyo mtu akaitwa Maua Saba au Tete Moja. Mtawa Fray Bernardino de Sahagún, aliyekusanya habari hizi kutoka kwa wazee wa Kinahua, anaeleza kwamba siku ikiwa ya nuksi, mjuzi wa kalenda alichagua siku iliyo njema zaidi ya kumwogesha mtoto. Majina mengine yalitoka kwa mababu, kwa wanyama, kwa ndege. Kwa hiyo mtu aliyeitwa Tochtli, yaani Sungura, huenda alilipata jina kwenye kalenda, huenda kwa babu yake. Kwa mbio zake? Picha ya sungura haisemi.

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe. Mwandishi wa hati hizi aliitwa tlacuilo, na kazi yake ilikuwa kuandika na kuchora kwa pamoja, maana Kinahuatl hakikutenganisha kazi hizo mbili. Alikuwa na njia mbili za kuliweka jina kwenye karatasi. Ya kwanza ni alama inayosimama badala ya neno zima: kichwa cha tai kwa cuauhtli, nyoka kwa coatl, ngao kwa chimalli. Unaweza kuziunganisha mbili. Chimalpopoca, mfalme wa tatu wa Tenochtitlan, ni ngao inayofuka moshi. Na Cuauhtemoc, wa mwisho kabisa, ni tai anayeteremka. Hapa sauti na maana zinakwenda pamoja na msomaji hapati shida.

Njia ya pili ndiyo inayotutaka tuwe macho. Chukueni neno letu paa. Nikichora paa wa porini ili msome paa la nyumba, nimemtumia mnyama kwa ajili ya sauti yake tu, na anayeanza kueleza pembe na mbio zake amekwisha kupotea. Tlacuilo alifanya hivyo kila siku. Jiwe ni tetl; akichora jiwe mara nyingi anataka silabi te. Maji ni atl, nayo yanatoa a. Chungu, comitl, kinatoa co. Bendera, pantli, inatoa pan au pa. Meno, tlantli, yanatoa tlan, kiishio cha majina ya mahali. Ndiyo sababu mji wa Cuauhtitlan katika Kodeksi ya Mendoza ni mti wenye meno. Na akitaka kuandika -tzin, kiishio kinachotia heshima kwenye jina la mtu, huchora sehemu ya chini ya mwili wa binadamu, makalio na miguu, kwa kuwa makalio ni tzintli. Mtazamaji wa leo anaweza kudhani ni matusi. Ni heshima tupu.

Mfano uliowafungua macho wasomi ni jina la Itzcoatl, aliyetawala Tenochtitlan kuanzia mwaka 1427 hadi 1440. Itztli ni obsidiani, jiwe jeusi la volkano lenye ukali kama wembe; coatl ni nyoka. Mahali pengi jina lake linaandikwa kwa nyoka mwenye vipande vya obsidiani mgongoni. Lakini katika Kodeksi ya Vergara, jina hilohilo limeandikwa kwa ncha ya obsidiani, chungu na maji: itz, co, a. Nyoka hayupo. Mfaransa Joseph Aubin, aliyeondoka Meksiko mwaka 1840 na shehena ya hati za kale ambazo nyingi ziko Paris mpaka leo, alilionyesha jambo hilo kwenye maandishi yake ya mwaka 1849. Ukijaribu kuyafasiri maji na chungu kwa maana zake, utatunga hadithi nzuri sana isiyo na uhusiano wowote na mfalme yule. Itzcoatl huyu, kwa masimulizi yaliyomfikia Sahagún, ndiye aliyeamuru vitabu vya kale vya historia vichomwe moto.

Ugumu haukomei hapo. Neno la Kinahuatl likisimama peke yake hubeba kiishio: -tl, -tli, -in. Likiungana na jingine, kiishio hudondoka. Tai ni cuauhtli na mti ni cuahuitl, lakini vyote viwili vikiingia kwenye neno la kuunganishwa vinakuwa cuauh-. Kwa hiyo mchoraji aweza kuweka tai pale panapohitajika mti, au mti pale panapohitajika tai, na sauti ikabaki ileile. Nikikutana na tai kando ya kichwa cha mkulima wa Huexotzinco, sina haki ya kusema huyu ni Tai kabla sijasoma herufi zilizoandikwa kando, kabla sijatafuta jina hilo kwa majirani zake, na kabla sijajua mchoraji wa ukurasa huo ana mazoea gani. Wachoraji walitofautiana. Yupo anayependa kuandika kila silabi, na yupo anayetosheka na kionjo tu cha jina.

Mfano wa kionjo ni Motecuhzoma. Katika Kodeksi ya Mendoza jina la mfalme huyo ni taji la kibwana, lile la ncha mbele linalovaliwa na watawala. Taji linatupa tecuh, kutoka tecuhtli, bwana. Sehemu inayobaki, inayohusu kukunja uso kwa hasira, haikuandikwa. Mchoraji alimwamini msomaji wake, kwa kuwa nani asiyemjua Motecuhzoma? Ila imani hiyo ikifanyika kwa jina la mtu wa kawaida katika kijiji ambacho kumbukumbu zake zimepotea, sisi wa leo tunabaki na kipande kimoja, na lazima tukiri kwa uwazi kwamba ni kipande.

Axayacatl naye, aliyetawala kuanzia mwaka 1469 hadi 1481, ameandikwa kwa uso wenye maji: a kutoka atl, na xayacatl, uso. Vitabu vingi humwita Uso wa Maji na kuishia hapo. Lakini axayacatl ni jina pia la mdudu wa majini wa Ziwa Texcoco, ambaye mayai yake yalikuwa chakula kinachothaminiwa. Uso na maji vinamwandika mdudu sawasawa na vinavyoandika uso wenye maji. Anayetafsiri picha moja kwa moja hata hajui kwamba swali lipo.

Mtauliza, je, si zipo herufi pembeni? Kwa nini tuhangaike na picha? Herufi ni msaada mkubwa, na bila hizo tusingefika mbali. Watawa Wafransisko kumi na wawili waliofika mwaka 1524 walianza mapema kufundisha alfabeti, na tangu mwaka 1536 chuo cha Santa Cruz huko Tlatelolco kilitoa vijana wa Kinahua walioandika Kinahuatl, Kihispania na Kilatini. Fray Alonso de Molina, aliyejifunza Kinahuatl tangu utotoni, alichapisha kamusi mwaka 1555, akaipanua mwaka 1571, na mpaka leo haitoki mezani mwa anayefanya kazi hii. Ila herufi hizo aghalabu hazionyeshi irabu ndefu wala kipasuo cha koo. Mambo hayo yalimngoja Mjesuiti Horacio Carochi, ambaye sarufi yake ilitoka mwaka 1645. Tena aliyeandika herufi si lazima awe ndiye aliyechora. Mara nyingine picha ina kitu ambacho herufi hazina, na mara nyingine kinyume chake. Herufi ni shahidi mmoja na picha ni shahidi wa pili, nami namsikiliza kila mmoja kwa nafasi yake. Wanapohitilafiana sikimbilii kumsahihisha yeyote.

Sehemu inayonifurahisha kuliko zote ni pale wachoraji walipolazimika kuandika majina ya wageni. Kinahuatl hakina r, wala b, d, f, g. Jina la kigeni halina maana katika lugha, kwa hiyo haliandikiki kwa maana yake; sauti peke yake ndiyo iliyobaki. Katika Kodeksi ya Telleriano-Remensis, makamu wa mfalme Antonio de Mendoza ana alama ya mmea na mnyama. Mmea ni metl, jamaa wa karibu wa mkonge. Mnyama ni tozan, anayechimba chini ya ardhi kama fuko. Me na toza: Mendoza. Mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya nchi nzima akaandikwa kwa mkonge na fuko, na sioni kebehi yoyote hapo. Ni kazi ya fundi aliyejua chombo chake. Katika hati hiyohiyo Pedro de Alvarado, aliyekufa mwaka 1541 katika vita vya Mixtón, ana alama ya jua, kwa kuwa Wanahua walimwita Tonatiuh, Jua. Wakubwa wawili wa Kihispania, karibu ya wakati mmoja: mmoja kaandikwa kwa sauti ya jina lake na mwingine kwa lakabu aliyopewa na wenyeji. Msomaji asipojua kwamba njia zote mbili zipo, atamfanya Mendoza kuwa mchimba mashimo na Alvarado kuwa mungu.

Sala pia ziliandikwa hivyo. Fray Gerónimo de Mendieta anasimulia jinsi wanafunzi walivyoyakumbuka maneno Pater noster kwa kuchora bendera kwa Pater na tunda la dungusi kakati kwa noster: pantli, nochtli. Hakuna kati yao aliyedhani Mungu ni bendera.

Hapa pana mzozo wa kitaaluma ambao sitaki kuupita. Wapo wasomi waliosema, na bado wapo, kwamba uandishi wa sauti ni matokeo ya Wahispania: Wanahua walikuwa na picha tu, wakaona alfabeti, wakaanza kuiga. Elizabeth Boone amefafanua kwa ustadi mkubwa jinsi historia za Meksiko zilivyopangwa kwa picha zisizohitaji kusomwa neno kwa neno. Upande wa pili yupo Alfonso Lacadena, aliyeandika mwaka 2008 kwamba wingi wa silabi katika hati za Tepetlaoztoc ni desturi ya shule ya waandishi wa eneo la Texcoco, haikuzuka kwa kuiga wageni. Mimi naegemea kwa Lacadena. Matumizi ya alama kama meno kwa tlan na makalio kwa tzin yalikwisha kutulia na kuenea mno kuweza kubuniwa ndani ya miaka ishirini tangu Tenochtitlan ianguke mwaka 1521. Nakubali kwamba majina ya wageni yaliongeza mahitaji, na fundi akipewa kazi mpya huongeza matumizi ya zana alizonazo. Lakini zana alikuwa nazo. Boone naye ana haki yake: ukurasa mzima wa historia ya safari au vita unaeleweka kwa mpangilio wa picha, na ndani yake majina pekee ndiyo yanayodai kutamkwa.

Nimetaja Tepetlaoztoc. Kutoka huko, karibu na Texcoco, zimebaki hati mbili pacha za miaka ya 1540: Kodeksi ya Vergara iliyoko Paris, na Kodeksi ya Santa María Asunción iliyoko Maktaba ya Taifa ya Meksiko. Humo familia zimepangwa kaya kwa kaya, mume, mke, watoto, ndugu wanaoishi nao, kisha mashamba ya kila kaya pamoja na vipimo vyake. Mstari ni kipimo kimoja, nukta ni ishirini. Mkono, moyo au mshale ni sehemu ya kipimo. Angalieni basi: mkono kwenye ukingo wa shamba ni urefu, na mkono ukiwa kando ya kichwa cha mtu waweza kuwa silabi ma, kutoka maitl. Alama ni moja, ukurasa ni wa hati ileile. Mahali ilipokaa ndipo panapoamua.

Katika Asunción baadhi ya vichwa vimepakwa rangi nyeusi. Hao ni waliokufa. Mwaka 1545 ulianza ugonjwa ambao Wanahua waliuita cocoliztli, ukaua umati wa watu kote Meksiko ya kati, na daftari la kodi lilipaswa kurekebishwa. Jina linabaki palepale, limeandikwa kwa uangalifu uleule, kando ya kichwa cheusi. Nimesoma vitabu vingi vya historia ya tauni hiyo, vyenye makadirio makubwa makubwa, na hakuna kilichonionyesha ukubwa wake kama kurasa hizo.

Wanawake wana tatizo lao katika usomaji. Orodha za eneo la Cuernavaca, zilizoandikwa kwa herufi tupu katika miaka ileile, zinaonyesha kwamba wanawake wengi waliitwa kwa nafasi yao ya kuzaliwa: Teyacapan, wa kwanza, Tlaco, wa kati, Xocoyotl, kitinda mimba. Majina haya yanajirudia nyumba kwa nyumba. Na nafasi ya kuzaliwa haina umbo linalochoreka, kama tai au ngao. Hapo mchoraji analazimika kuitegemea sauti, na bahati nzuri lugha inamsaidia: ndani ya Teyacapan imo yaca, na pua ni yacatl. Nadhani anayetaka kujua uandishi wa sauti ulikuwa na nguvu kiasi gani atafaidika zaidi na majina haya ya kina mama kuliko majina ya wafalme, ambayo yamechapishwa na kufasiriwa mara mia. Huko Huexotzinco wanawake wanaoonekana hasa ni wajane, wenye machozi mashavuni. Machozi hayo si sehemu ya jina. Ni hali ya kodi. Yapo makosa ya kuyasoma machozi kama jina, na ni rahisi kuyafanya.

Majina haya ya asili hayakudumu. Kufikia karne ya 17 wakulima wengi wa Kinahua waliitwa kwa majina mawili ya watakatifu, Juan Francisco, María Magdalena, na alama za majina zikakosa kazi. Lugha yenyewe haikufa: zaidi ya watu milioni 1.5 wanazungumza Kinahuatl nchini Meksiko leo, na ni haki wawe mbele katika usomaji huu, maana wapo wanaofahamu maneno ambayo Molina hakuyaweka. Wapo pia wanaofungua mlango kwa umma: Stephanie Wood wa Chuo Kikuu cha Oregon na wenzake wanakusanya alama hizi moja moja na kuziweka kwenye intaneti, kila moja na picha yake, herufi zake na uchambuzi wake, bila malipo.

Kwa kijana atakayeingia kwenye kazi hii naomba azingatie utaratibu wa kuchapisha. Picha iwekwe kwanza, nzima, pamoja na kichwa cha mtu na majirani zake ukurasani. Kisha herufi kama zilivyoandikwa, bila kurekebisha tahajia. Kisha usomaji, kipande kwa kipande, ukionyesha kipi kimetoka kwenye picha na kipi kimeongezwa na mfasiri. Tafsiri ije mwisho kabisa, katika safu yake yenyewe, na pale ambapo tai aweza kuwa mti na hakuna ushahidi wa kuamua, safu hiyo iachwe wazi.